Kitana Kilichoishinda Dunia

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alinijia bwenini akaniuliza, "Kaka, mbona kitana cha plastiki nikikipitisha katika nywele kavu huvuta vipande vya karatasi?" Nikaona haya kusema sijui. Nikamjibu, "Ni uvutano, kama ule wa dunia." Maskini, akayaandika hayo katika mtihani, akakosa.

Nilitahayari, nikafungua vitabu. Kweli nguvu hizi mbili hufanana: kila moja ina uga wake, yaani eneo inamofanya kazi, na umbali baina ya vitu viwili vidogo ukizidi mara 2, nguvu hubaki robo. Newton alieleza ya kwanza mwaka 1687. Coulomb akaipima ya pili mwaka 1785. Lakini uvutano hutokana na tungamo, nao huvuta tu. Umeme hutokana na chaji, nao huvuta na kusukuma. Tena una nguvu mno: kitana kidogo huinyanyua karatasi, na huku dunia nzima inaivuta chini!

Nikamwendea mdogo wangu yule, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Basi, kaka, twende tukajaribu."

Wenzangu, kusema "sijui" si aibu. Aibu ni kumpoteza anayekuamini.