Nilipewa sindano ya kupunguza uzito bure. Sikuidunga

Wasee wangu, leo si vichekesho. Wengi mmeniuliza kwa inboksi, "Kati ya Ozempic na Mounjaro, ipi inafanya kazi?" Nimechelewa kuwajibu kwa sababu kidogo tu niwauzie hiyo sindano mimi mwenyewe. Wacha niseme ukweli wote, halafu mnihukumu.

Mnanijua. Naishi Kitale, nina miaka 26, na mara ya mwisho mzani ulisema kilo 104. Nikipakia vidio, lazima mtu aandike "punguza chapati". Nikienda nyumbani Bungoma, kina mama wa kanisa wananishika mashavu wakisema nimenawiri, kazi ya mjini inanilipa. Lakini nikipungua hata kidogo, hao hao wanaulizana pembeni kama naumwa. Yaani huku kwetu mwili wako ni baraza la chifu, kila mtu anataka kuongea.

Sasa, mwezi wa pili mtu fulani akanitafuta. Alitaka vidio mbili tu, nionyeshe nikijidunga na niseme najisikia mwepesi. Malipo ni shilingi elfu 20 na dozi ya mwezi mmoja bure. Kodi yangu ilikuwa imechelewa, mnajua hii kazi ya mitandao. Nikasema sawa.

Mzigo ulifika na matatu ya usiku kutoka Nairobi, umefungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na kichupa cha unga mweupe, kichupa kingine cha maji, na mabomba matano ya sindano. Karatasi ya maelezo hakuna. Maelezo yalikuja kwa simu: "Changanya, vuta mistari 20, dunga tumboni kila Jumapili."

Jumamosi hiyo nilikuwa naenda Bungoma kwa anti yangu. Nikatia vichupa kwa mkoba, nikapanda matatu ya kupitia Webuye, jua kali, tumebanana. Nilikuwa na mpango. Anti ana sukari, huu mwaka wa kumi na moja, na anajidunga insulini asubuhi na jioni. Nani atanifundisha vizuri kumliko?

"Mulembe, Anti. Naomba unionyeshe kudunga."

Akachukua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amekupima?"

"Hakuna."

"Imelala wapi usiku?"

"Kwa matatu."

"Mwanangu, insulini yangu sijawahi kuiona ikiwa unga. Stima ikipotea mimi huiweka kwa mtungi wa maji isiharibike. Na kliniki hawanipi mpaka waone kitabu changu. Wewe umemwonyesha nani kitabu?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu akanipeleka mwenyewe kwa daktari wake. Nilitarajia kukemewa. Daktari akavuta kiti, akanielezea zaidi ya nusu saa, na nyumbani nikasoma zaidi. Sasa niwape hiyo hesabu mliyoniomba.

Kwanza, majina yanachanganya watu. Ozempic na Wegovy ni dawa moja, semaglutaidi, ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark. Kule Marekani Ozempic iliidhinishwa mwaka 2017 kwa ugonjwa wa sukari, na Wegovy ikaidhinishwa 2021 kwa uzito. Mounjaro ni tirzepataidi, ya Eli Lilly ya Marekani, iliyoidhinishwa 2022 kwa sukari. Dawa hiyo hiyo huuzwa kule kwa jina la Zepbound kwa ajili ya uzito, tangu 2023. Halafu kuna Saxenda, ambayo ni liraglutaidi, ya zamani zaidi. Saxenda unadunga kila siku, hizo nyingine mara moja kwa wiki.

Zote zinaiga homoni ya utumbo inayoitwa GLP-1, ile inayoambia ubongo umeshiba na kuchelewesha chakula tumboni. Tirzepataidi inaiga na homoni ya pili, GIP.

Je, ipi inapunguza zaidi? Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi ya uzito, watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 kwa wiki 68. Liraglutaidi ilikuwa kama asilimia 8 kwa wiki 56. Mwaka 2025 zikatoka matokeo ya kulinganisha hizo kubwa mbili ana kwa ana kwa wiki 72. Tirzepataidi ilipunguza asilimia 20.2, semaglutaidi asilimia 13.7. Kwa hivyo kama swali ni hilo tu, jibu ni tirzepataidi. Nimemaliza, mnaweza kwenda.

Lakini msiende. Daktari aliniambia hilo ndilo swali la mwisho, si la kwanza. Aliniuliza maswali ambayo yule wa mzigo hakuwahi kuniuliza. Kuna mtu wa familia aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo? Kuna aina moja ambayo ikiwa kwenu, dawa hizi hupewi. Nina mimba, au napanga kubeba? Nimewahi kuugua kongosho au mawe ya nyongo? Na akanieleza kwamba kichefuchefu, kutapika, kuhara na choo kigumu ni vya kawaida. Ndiyo maana watu huanza na dozi ndogo sana. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa polepole kwa miezi kadhaa hadi 2.4. Mounjaro huanza na 2.5, na mwisho wake ni 15.

Sasa "mistari 20" ni miligramu ngapi? Inategemea unga ni kiasi gani na umetia maji kiasi gani. Mimi sikujua, na nadhani hata aliyenitumia hakujua. Julai 2024 shirika la dawa la Marekani, FDA, lilionya kuhusu watu waliovuta wenyewe semaglutaidi ya kuchanganywa kutoka kwa vichupa. Wengine walijidunga mara 5 hadi 20 ya dozi waliyokusudiwa, wakaishia hospitali. Mwezi mmoja kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia. Na dawa halisi za kampuni hizi haziji kama unga. Ni maji, nyingi ndani ya kalamu yake, na kabla ya kufunguliwa zinakaa kwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Yangu ilitoka Nairobi kwa gazeti.

Halafu bei. Nilipita duka moja la dawa Bungoma kuuliza kalamu ya ukweli. Ya mwezi mmoja ingemeza kodi yangu ya miezi miwili na chenji isibaki. Na si ya mwezi mmoja. Waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hivyo bei ya kuuliza ni ya miaka, si ya kalamu.

Sasa sehemu ambayo sikutarajia. Daktari alinipima. Presha ilikuwa 148 kwa 95. Kwa urefu wangu, BMI ni kama 38, na dawa hizi zimekusudiwa watu wa kuanzia 30, au 27 kama una ugonjwa unaohusiana na uzito. Yaani mimi ndiye hasa mtu zilizotengenezewa. Nilitoka pale nikilia kidogo, si uongo. Miaka yote nimefanya mwili wangu kuwa kichekesho cha kupata wafuasi, kumbe unene ni ugonjwa, una vipimo na una matibabu, na nina haki ya kutibiwa kama anti anavyotibiwa sukari.

Kwa hivyo msinielewe vibaya. Anayetumia sindano kwa njia ya daktari si mvivu na hajadanganya mtu. Muacheni. Ninachokataa ni sisi wa mitandao kujifanya kliniki. Tena tukikimbilia hizi dawa kwa sababu ya harusi ya Desemba, kuna mgonjwa wa sukari anayezikosa. Ilitokea nchi nyingi kuanzia 2022, Ozempic iliadimika. Nilipomwambia anti hivyo, alisema tu, "Mimi nikikosa yangu siku tatu, mnanizika." Akaendelea kuchambua mrenda.

Nilimwandikia yule mtu kwamba vidio sifanyi. Alinitukana, nikamfungia. Kichupa kilibaki hospitalini kikaharibiwe. Elfu 20 zilienda, na mwenye nyumba nilimwomba anisubirie hadi tarehe 15. Kwa sasa nakunywa dawa ya presha, natembea kila asubuhi, na ugali nimepunguza, ingawa wa anti ni vigumu. Baada ya miezi mitatu narudi kwa daktari tuongee kuhusu sindano ya ukweli, kama nitaimudu. Sijui nitaamua nini.

Ukinitafuta kwa inboksi kuuliza "ipi ni moto", nitakuuliza maswali ya anti: nani amekupima, imelala wapi, na kitabu chako kiko wapi?