Mgonjwa Mmoja Kuhesabiwa Mara Mbili

Mwaka 1997, Martin Tramèr na wenzake walichunguza majaribio ya ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji. Walibaini kuwa asilimia 28 ya takwimu za wagonjwa zilikuwa zimechapishwa zaidi ya mara moja, bila msomaji kudokezwa. Marudio hayo yalipojumlishwa na mengine, nguvu ya dawa ilionekana kuzidi ukweli kwa asilimia 23. Basi, mtafiti anayerudia makala yake kimyakimya hajitafutii cheo tu. Humpotosha daktari, na mgonjwa ndiye anayeumia. Kuichapisha tena makala kwa Kiswahili, kwa idhini ya wahariri na chimbuko lake likitajwa, ni kueneza elimu. Kulificha chimbuko hilo ni kutoa ushahidi wa uongo.