Tumetoka Tumbo Moja

Ndugu msomaji, katika ukoo wetu kule Tarime mgonjwa halali peke yake. Mdogo wangu alipovimba tumbo na macho yake kugeuka manjano, jamaa waliokaa Mugumu, wilayani Serengeti, walivuka Mto Mara wakafika kabla ya jua kutua. Kila mmoja alikuja na lake: huyu fedha, yule mbuzi.

Daktari alitwambia kwamba ini lake limeharibiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, na kwamba tiba iliyosalia ni kupandikizwa ini, jambo ambalo lingemlazimu kusafiri hadi India. Sikusita. "Achukue sehemu ya langu," nikasema. "Sisi tumetoka tumbo moja."

Daktari alinitazama kwa huruma, akanifunza nisiyoyajua. Katika kupandikiza figo, kazi iliyoanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, waganga hulinganisha sana alama za chembechembe za mwili. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja wana bahati moja katika nne ya kulingana kabisa. Ini halidai hayo kwa ukali. Linalotazamwa kwanza ni kundi la damu, ukubwa wa ini na afya ya mtoaji. Naye hukatwa sehemu tu, kwa kuwa ini hukua tena.

"Hatari nyingine ni virusi," akaendelea. Aliyepandikizwa hunywa dawa za kupunguza kinga ya mwili, ili mwili usilikatae ini geni. Kinga ikipungua, virusi vilivyolala huamka. Kimoja huitwa saitomegalo. Watu wazima wengi tunacho bila kuumwa, lakini kikiingia pamoja na ini kwa mgonjwa ambaye hajapata kukutana nacho, chaweza kumdhuru vibaya. Hata homa ya ini B yaweza kulirudia ini jipya, isipozuiwa kwa dawa. Kwa hiyo mtoaji na mpokeaji hupimwa wote wawili.

Nikapimwa. Kundi la damu lilikuwa lile lile. Na virusi vilikuwa vile vile.

Dada zetu wawili nao walikutwa navyo. Daktari alieleza kwamba yaelekea sote tulivipata kwa mama wakati wa kuzaliwa, naye marehemu mama hakupata kujua. Tumbo lile moja nililojivunia ndilo lililonizuia kumwokoa ndugu yangu. Alifariki kabla ya kupatikana mtoaji mwingine.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili unililie. Leo nahudhuria kliniki, na ini langu linaangaliwa lingali zima. Mke wangu alipimwa, hana virusi, akachanjwa. Watoto wetu waliipata chanjo hiyo kliniki wakiwa wachanga, maana nchini mwetu ilianza kutolewa kwa watoto mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata.

Basi usingoje tumbo la nduguyo livimbe ndipo ujitolee. Nendeni mkapimwe nyumba nzima mngali mnacheka pamoja. Mjamzito naye apimwe mapema, ili mtoto wake akingwe. Mimi nilikuwa tayari kumpa mdogo wangu ini. Kumbe alichohitaji kwangu, miaka mingi nyuma, ni kumshika mkono twende tukapimwe.