Siku Mbili za Kutembea Dar es Salaam

Ndugu wakulima, baada ya mavuno wengi wetu hutamani kwenda kuliona jiji. Dar es Salaam si makao makuu ya nchi tena. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulitolewa mwaka 1973. Lakini bado ndilo jiji kubwa kuliko yote nchini. Katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Mkoa wetu wote wa Ruvuma haukufika milioni 2.

Safari hii yataka hesabu. Kutoka Songea mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Ukiondoka alfajiri, utafika usiku. Basi, ukitaka kutembea Jumamosi na Jumapili, uondoke Ijumaa na urudi Jumatatu. Hizo ni siku nne. Nani atawapa kuku maji? Nani atakata majani ya ng'ombe? Patana na mtu kabla hujakata tiketi.

Mwezi mzuri ni Agosti. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na huko pwani mvua za masika zimepita. Mkulima wa kahawa wa Mbinga huwa bado anachuma. Yeye afadhali angoje.

Ukiisha kuuza mahindi, tenga kwanza fedha za mbolea na mbegu. Zisisafiri nawe. Nimewaona watu waliorudi na redio mpya, na mahindi yao yakawa ya njano kwa kukosa mbolea. Halafu chukua daftari. Andika nauli ya kwenda na ya kurudi, malazi ya usiku tatu, chakula, na nauli za mjini. Ongeza akiba kidogo. Kama jumla inazidi fedha zilizobaki, usikope. Jiji halihami.

Njiani kaa karibu na dirisha. Utaona kona za mlima Kitonga, kisha mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mbele zaidi, barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Mara nyingi twiga, pundamilia na hata tembo huonekana kutoka ndani ya basi. Hapo hulipi kitu zaidi ya nauli yako.

Stendi kuu ya mabasi ya mikoani iko Mbezi, mbali na katikati ya jiji. Usiku huo lala huko huko. Watu watakushika mzigo wakikuita mjomba au shangazi. Usiwape. Sasa unajua kusoma: soma vibao, na tiketi ya kurudi ukakate dirishani.

Jumamosi nenda katikati ya jiji. Anza na Makumbusho ya Taifa. Hapo linahifadhiwa fuvu la kale sana, alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Toka hapo kwa miguu mpaka Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Karibu na bahari utaona makanisa makubwa yaliyojengwa na Wajerumani miaka michache kabla ya Vita vya Majimaji. Kama hujapata kuingia Makumbusho ya Majimaji hapa kwetu Songea, ingia kwanza kabla ya safari. Mashujaa walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906 waliuawa na serikali ya Wajerumani hao hao. Mwisho panda pantoni uvuke mpaka Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo, na bahari utaiona vizuri.

Jumapili asubuhi nenda Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo. Kuna nyumba za makabila mbalimbali, kama msonge wa Wahaya. Wengine husema, "Nilipe kuona nyumba ya nyasi?" Mimi nasema tazama jinsi wenzetu wanavyofunga paa na kuhifadhi nafaka.

Rudini Mbezi kabla ya giza. Basi la Songea halimngoji aliyelala.