Kipili: Mteremko unaoijenga misuli

Safari ya Kipili huanza kwa koti na kuisha kwa jasho. Sumbawanga ipo juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi watu hutembea wamejikunyata. Barabara hupita Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi, kisha huteremka hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Hiyo ni karibu kilomita nzima kwenda chini.

Aliye ndani ya gari huuhisi mteremko huo kwenye masikio yanayoziba. Anayeshuka milima hii kwa miguu huuhisi kwenye mapaja. Akipanda, hutweta. Akishuka, hupiga soga njia nzima. Lakini kesho yake, aliyeshuka ndiye anayeshika ukuta ili akae kwenye kigoda.

Sababu ni hii. Msuli hufanya kazi kwa namna mbili kubwa. Unapoinua ndoo, msuli wa mbele ya mkono hujikunja na kuwa mfupi. Unapoishusha ndoo polepole, msuli huohuo hurefuka huku ukizuia uzito usianguke. Katika kushusha, msuli huhimili uzito mkubwa kuliko ule unaoweza kuuinua, tena kwa pumzi kidogo. Nyuzi zake huvutwa zikiwa zimekaza, na mwili usiozoea hulipa kwa maumivu yanayofikia kilele siku moja hadi tatu baadaye. Ukipewa chakula na mapumziko, msuli hujirekebisha na kurudi na nguvu zaidi.

Mwaka 1952 watafiti watatu wa Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, walilionyesha jambo hili kwa baiskeli mbili zilizounganishwa kwa mnyororo, zikipeana mgongo. Mmoja alikanyaga kwenda mbele, mwingine alizuia pedali zilizokuwa zikimrudisha nyuma. Aliyezuia alitumia hewa kidogo sana kuliko aliyekanyaga. Brenda Bigland, mwanamke mwenye umbo dogo, aliweza kumchosha mwanamume mkubwa kwa kumzuia tu.

Ufukweni, magunia na vyuma

Kwa miaka mingi Kipili ilikuwa kituo cha meli ya MV Liemba katika safari zake kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia. Mahindi ya uwandani hushuka, dagaa na migebuka hupanda. Katikati ya biashara hiyo kuna migongo ya watu.

Mpagazi mzoefu hujulikana anapotua mzigo. Hukunja magoti, hunyoosha mgongo, na gunia hufika chini bila kishindo. Kijana mgeni wa kazi hulibwaga. Akilipokea jingine, hujipinda kiuno na kulivuta kwa pupa.

Pupa hiyohiyo huonekana uani, wavulana wanapokwenda kupiga tizi. Chuma chao ni bomba lenye kopo la zege kila upande. Mmoja akiinua, wenzake humhesabia kwa sauti. Anakirusha juu kwa kuyumbisha kiuno, kisha anakiachia kishuke chenyewe. Hesabu inafika 20, lakini nusu ya kazi haikufanyika, na mgongo umebeba sehemu ya mkono.

Mzazi hana haja ya kukataza. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku tatu kwa wiki, na watu wazima siku mbili au zaidi. Cha kubadilisha ni namna ya kuhesabu.

Hesabu ya kushuka

Zoezi la kwanza halihitaji chuma. Simama mbele ya kiti, miguu upana wa mabega, kisha kaa polepole ukihesabu moja hadi nne. Usijiachie mwishoni. Simama kwa hesabu moja. Mara 8 zinatosha kuanzia, na babu anaweza kulifanya akiwa ameshika meza.

La pili ni pushapu. Asiyeweza kujiinua ashuke tu kwa hesabu nne, mwili umenyooka kama ubao, aweke magoti chini, kisha ajisukume juu. Baada ya wiki kadhaa, kujiinua bila magoti kutakuwa kwepesi zaidi.

Kanuni ni moja: umbo likiharibika, hesabu imeisha. Mara 6 safi ni bora kuliko 20 za kuyumba.

Taratibu si uchawi. Tafiti zinaonyesha kuwa msuli hukua karibu sawasawa kwa mwendo wa haraka au wa wastani, mradi uchoshwe vya kutosha. Faida ya kwenda polepole ni kwamba uzito mdogo unatosha, na kosa huonekana kabla halijaumiza.

Kuna hatari moja ya kuijua. Anayefanya mazoezi mengi ya kushusha siku ya kwanza anaweza kuumiza misuli hadi figo zikadhurika. Maumivu makali, uvimbe na mkojo wa rangi ya chai nzito ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Anza na raundi moja au mbili, pumzika siku mbili, kisha ongeza.

Chakula chake hakiko mbali. Dagaa wanaoanikwa mwambaoni, pamoja na maharage ya uwandani, ndiyo protini ambayo msuli unaihitaji.

Jioni, wapagazi hukaa juu ya magunia wakiutazama mwanga wa mwisho juu ya ziwa. Wakiitwa kula, wapo wanaoinuka wakiwa wameshika kiuno, na wapo wanaoinuka mara moja. Mvulana wa uani bado ana nafasi ya kuchagua atakuwa yupi.