Taa ya Matumbawe

Mwalimu mmoja wa Iringa alitamani kufuga matumbawe sebuleni mwake, karibu kilomita 500 kutoka bahari ya Dar es Salaam. Alinunua taa ya LED yenye nuru kali ya buluu, kwa kuwa buluu hupenya maji ya bahari kuliko rangi nyingine. Tumbawe ni mnyama, si jiwe. Mwilini mwake hukaa mwani mdogo mno ugeuzao nuru kuwa chakula cha wote wawili. Lakini umeme, ambao huondoka bila kuaga, hauchukui nuru peke yake; pampu husimama, na hewa majini hupungua. Mwalimu alipoyapima hayo aliiachia bahari vilivyo vyake, akampa taa shemeji yake wa Mbeya, mfugaji wa samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Huko nuru ilizidi haja: samaki walijificha mapangoni, kioo kikavaa ukijani. Shemeji alikuwa ameyapendeza macho yake kwa kuwatesa wafugwa wake. Akaipandisha taa, akaififisha, akaiwasha kwa muda wa saa 8 tu kila siku. Juma la tatu samaki walitoka, wakawa wakichuna mwani juu ya mawe.