Malaria, Dripu na Vitabu Vyetu

Katika chuo cha udaktari cha Muhimbili mwaka 2007, mwanafunzi mwenye Davidson yake mwenyewe, kile kitabu cha tiba, alionekana tajiri. Wengi wetu tulisomea fotokopi zilizobanwa springi kwenye steshenari za Upanga, picha za eksirei zimegeuka madoa meusi. Pembeni ya fotokopi hizo palikuwa na madesa: maelezo ya wahadhiri yaliyorithishwa mwaka hadi mwaka, pamoja na mitihani iliyopita yenye majibu ambayo hakuna aliyejua nani aliyaandika. Davidson nayo, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1952, ilitokana na maelezo ya darasani ya Stanley Davidson kule Edinburgh. Lakini kila toleo lake lilipitiwa upya na wahariri. Madesa hayakuwa na mhariri.

Malaria ndiyo iliyotufumbua macho. Nchi ilishaiacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Madesa yaliendelea kutaja klorokwini kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwenye mtihani wa mdomo watahini walitaka mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, basi tukaanza kutembea nao mifukoni.

Kisha hata vitabu vikubwa vikapitwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, waliopewa atesuneti, asilimia 8.5. Tuliusoma maktaba kupitia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani uliofungua majarida ambayo vyuo vyetu visingeweza kuyalipia. Foleni ya kompyuta ilikuwa ndefu, na makala moja ilichukua muda mrefu kufunguka. Hakuna aliyeondoka.

Utafiti ulionitikisa zaidi ni FEAST, wa mwaka 2011. Tulikuwa tumekariri kwamba mtoto mwenye maambukizi makali akianza kuingia kwenye mshtuko, mmiminie maji ya dripu haraka. Watafiti walilijaribu jambo hilo Kenya, Uganda na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,000. Ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji walifariki kama asilimia 10.5; kati ya wasiomiminiwa, 7.3. Hao walikuwa watoto wa wodi kama zetu, na jibu lililokuwa likitupatia alama lingeweza kuwadhuru.

Leo madaktari tarajali wana kila kitu kwenye simu, nami nafurahi kwa hilo. Ila wakinitajia FEAST kutoka kwenye muhtasari wa mistari miwili, nawaomba wafungue makala yenyewe, kwenye sehemu inayoeleza nani hakuhusishwa. Watoto wenye kuharisha hawakuwamo. Aliyekaukiwa na maji kwa kuharisha bado anayahitaji, na muhtasari ule haukulisema hilo.